Neno “check” la Kiingereza: ni neno moja lenye maana nyingi, au ni maneno kadhaa yaliyofanana?

Mpenda Lugha anauliza:

Wanajukwaa wenzangu, salamu kwenu nyote.

Kazi yangu ni kuhakiki tafsiri, na kwa muda sasa neno moja dogo la Kiingereza limekuwa likinisumbua kuliko istilahi nzito za kitaalamu. Neno hilo ni “check”. Katika mwongozo wa mitambo nimelikuta likiwa na maana ya kukagua. Katika andiko la kisheria lilikuwa na maana ya kuyazuia mamlaka yasivuke mipaka yake. Wamarekani huliandika hivyohivyo wanapotaja hundi ya benki, na katika mikahawa yao ndilo jina la ankara ya chakula. Wauza nguo hulitumia kwa kitambaa cha mirabaraba, na mcheza sataranji hulitamka pale anapomtishia mfalme wa mpinzani wake. Kukagua, kuzuia, hundi, mirabaraba na mfalme aliye hatarini: kila nikiyatazama mambo haya kwa pamoja sioni uzi unaoyaunganisha.

Nimewauliza watu wawili ninaowaheshimu, nikapata majibu yanayopingana. Mmoja alisema kwamba yote yametokana na mchezo wa sataranji. Wa pili alishikilia kwamba jina la hundi, angalau hilo, halina uhusiano na mchezo wowote, bali limetokana na neno la Kiarabu “sakk”, yaani hati ya deni au ya malipo, ambalo wafanyabiashara wa Ulaya walilipokea kutoka kwa Waarabu katika Zama za Kati.

Ninaomba mwenye ujuzi anifafanulie mambo mawili. Kwanza, je, hili ni neno moja lililopanuka maana, yaani polisemia, au ni maneno tofauti ambayo yamekuja kufanana kwa sauti na tahajia tu, yaani homonimia? Pili, kama ni neno moja, maana hii ilizaaje ile? Ningependa kuonyeshwa hatua zenyewe, kwa sababu kuambiwa tu kwamba zote “zina asili moja” hakunisaidii ninapokaa mbele ya sentensi ninayopaswa kuitafsiri.

Mfasiri Mkongwe anajibu:

Ndugu Mpenda Lugha, ni neno moja, na hatua ulizoziomba zinaweza kufuatwa karibu zote kwa miguu.

Mwanzo wake ni neno la Kiajemi “shah”, lenye maana ya mfalme, ambalo hata sisi tunalo katika umbo la “shaha”. Mchezo wenyewe ulitoka India, ambako kwa Kisanskriti uliitwa “chaturanga”, yaani wenye viungo vinne, kwa kurejelea vikosi vinne vya jeshi la wakati huo: askari wa miguu, wapanda farasi, ndovu na magari ya vita. Waajemi waliuita “chatrang”, na Waarabu walipoitwaa Uajemi katika karne ya 7 waliuchukua mchezo pamoja na msamiati wake, wakalitamka jina lake “shatranj” kwa kuwa Kiarabu hakina sauti “ch”. Kutoka hapo ndipo lilipopatikana neno letu la sataranji. Wahispania na Wareno nao walilipokea jina hilohilo, na hadi leo husema “ajedrez” na “xadrez”.

Sehemu nyingine za Ulaya hazikuchukua jina la mchezo. Zilichukua neno lililokuwa likisikika zaidi ubaoni, yaani mwito wa “shah!” ambao mchezaji aliutoa kumwonya mwenzake kwamba mfalme wake anatishiwa. Katika Kilatini cha Zama za Kati neno hilo likawa “scaccus”, Wajerumani wakasema “Schach”, Waitaliano wakauita mchezo “scacchi”, na Wafaransa wa kale wakasema “eschec” kwa umoja na “esches” kwa wingi. Waingereza waliokuwa chini ya utawala wa Wanormani, watu waliotoka Ufaransa, walipokea maumbo yote mawili ya Kifaransa. Umoja ukawa “check”, na wingi ukawa “chess”, jina la mchezo. Hivyo maneno hayo mawili, ambayo Mwingereza wa leo huyaona kuwa tofauti kabisa, yalikuwa umoja na wingi wa nomino moja.

Sasa tuje kwenye maana, na hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapopotea. Ukitazama haraka utadhani kwamba mwito huo ungezaa maana ya kushambulia. Lakini fikiria hali ya yule anayeambiwa “check”. Pengine alikuwa amekwisha kuona hatua ambayo ingempa ushindi. Hata hivyo haruhusiwi kuichukua. Sheria inamlazimisha aache kila alichokipanga ashughulikie tishio kwanza, na njia alizonazo ni tatu tu: kumhamisha mfalme, kuweka kete nyingine katikati, au kuiondoa kete inayotishia. Kwa hiyo jambo lililobaki katika akili za watu halikuwa shambulio bali kule kukatizwa: mtu alikuwa anakwenda, akasimamishwa. Kufikia mwisho wa karne ya 14 Waingereza walikuwa wakikitumia kitenzi hiki nje ya mchezo kwa maana ya kusimamisha, kuzuia na hata kukemea.

Maana ya kikatiba uliyokutana nayo ni tawi la hapo moja kwa moja. Katika mjadala wa kuidhinishwa kwa Katiba ya Marekani, na hasa katika insha ya 51 ya mfululizo wa Federalist iliyochapishwa mwaka 1788, hoja kuu ni kwamba kila mhimili wa dola upewe uwezo wa kuusimamisha mwingine unapovuka mipaka. Mfasiri anayeweka “ukaguzi” mahali hapo amekosa shabaha, kwa maana kinachozungumziwa ni uzuiaji. Ninalitilia mkazo jambo hili kwa kuwa nimeliona katika tafsiri nyingi zilizochapishwa, na linabadilisha maana ya ibara nzima.

Maana ya kukagua ilichelewa. Ilijitokeza wazi mwishoni mwa karne ya 17. Daraja lake ni hesabu. Ili kuzuia makosa na wizi, hesabu ziliandikwa mara mbili na watu wawili, kisha maandishi hayo yakalinganishwa. Kitu chochote kilichowekwa ili kuzuia udanganyifu kwa njia ya kulinganisha kiliitwa “check”, na baadaye tendo lenyewe la kulinganisha likaitwa hivyohivyo. Neno “control” limepita njia inayofanana sana na hiyo: limetokana na Kilatini “contrarotulus”, yaani msokoto wa pili wa hesabu uliowekwa kuuhakiki ule wa kwanza. Maneno mawili yenye asili tofauti yalikutana juu ya meza moja ya karani.

Daftari anajibu:

Ninamshukuru Mfasiri Mkongwe, na kwa kuwa amefika kwenye meza ya karani, niruhusuni niieleze meza hiyo, kwa sababu mirabaraba na hundi zote zinapitia hapo.

Kutokana na “eschec” Wafaransa walitunga “eschequier”, yaani ubao wa sataranji. Waingereza walilipokea neno hilo kwa maana ya ubao huo na kwa kitu chochote chenye miraba ya rangi mbili inayopishana. Kisha wakalifupisha, na ndiyo asili ya jina la kitambaa chako cha mirabaraba. Ndiyo pia asili ya “checkers”, jina ambalo Wamarekani huupa mchezo wa dama, na ya usemi wa Kiingereza wa “chequered” kuhusu maisha ya mtu yaliyochanganya mema na mabaya, kama miraba myeupe na myeusi.

Lakini mtoto mkubwa zaidi wa neno hilo ni “Exchequer”, jina la Hazina ya wafalme wa Uingereza. Tunayo maelezo ya mtu aliyeifanyia kazi. Richard FitzNeal, aliyekuwa mweka hazina wa Mfalme Henry wa Pili, aliandika kwa Kilatini mwishoni mwa miaka ya 1170 kitabu cha maswali na majibu, “Dialogus de Scaccario”, kueleza jinsi ofisi hiyo ilivyofanya kazi. Anasema kwamba palikuwa na meza yenye urefu wa futi 10 hivi na upana wa futi 5, iliyozungushiwa ukingo wenye kimo cha vidole vinne ili kitu kisidondoke, na juu yake kilitandikwa kitambaa cheusi kilichochorwa mistari. Masherifu, waliosimamia mapato ya mfalme katika majimbo, waliitwa kuketi mbele ya meza hiyo na kutoa hesabu.

Hesabu ilifanywa kwa vihesabio vilivyopangwa katika safu: safu ya peni, safu ya shilingi, safu ya pauni, kisha ya pauni ishirini-ishirini, ya mamia na ya maelfu. Sherifu aliyedaiwa pauni 47 na shilingi 12 aliwekewa vihesabio viwili katika safu ya ishirini, saba katika safu ya pauni na kumi na viwili katika safu ya shilingi. Chini yake vilipangwa vihesabio vya kiasi alichokwisha kulipa, na tofauti ikaonekana kwa macho. Tukumbuke kwamba tarakimu zilizoandikwa wakati huo zilikuwa za Kirumi, ambazo ni vigumu mno kuzijumlisha na kuzitoa kwenye karatasi. Hata mtu asiyejua kusoma aliweza kuona deni lake likipungua mbele yake, na kwa maoni yangu huo ulikuwa ufundi wa hali ya juu katika uwajibikaji.

FitzNeal mwenyewe analieleza jina hilo kwa kulifananisha na sataranji, na anaongeza sababu ya pili inayonivutia zaidi: kama vile wafalme wawili wanavyopigana ubaoni, ndivyo mweka hazina na sherifu wanavyopambana juu ya meza ile, huku wengine wameketi kama waamuzi wakitazama. Mfumo huo wa kale ulivunjwa katika miaka ya 1830, lakini waziri wa fedha wa Uingereza bado anaitwa “Chancellor of the Exchequer”. Cheo chake, ukikirudisha kwenye asili, kinamhusisha na ubao wa sataranji.

Malipo yalithibitishwa kwa vijiti. Kijiti kilichongwa mapengo ya kuonyesha kiasi, kisha kikapasuliwa kwa urefu: kipande kirefu, “stock”, alikaa nacho aliyelipa, na kifupi, “foil”, kikabaki Hazina. Vipande viwili visipolingana, udanganyifu ulidhihirika papo hapo. Vijiti hivyo viliendelea kutumika hadi mwaka 1826, na shehena ya vile vilivyosalia ilipochomwa katika matanuri ya Westminster tarehe 16 Oktoba 1834, moto ulitoka nje ya matanuri ukateketeza jengo la Bunge.

Sasa tazameni hundi. Mnamo 1706, katika maandishi ya sheria yanayohusu hati za mkopo za Hazina, tunakuta “check” ikiwa na maana ya kishina, yaani kile kipande kinachobaki kitabuni baada ya hati kukatwa ili hati itakaporudi ilinganishwe nacho. Ni kazi ileile iliyofanywa na vijiti. Jina likahama kutoka kishina likaenda kwenye hati yenye kishina, na kufikia mwisho wa karne ya 18 likawa jina la hati ya kuiagiza benki kulipa. Tahajia ya “cheque” ni ya baadaye. Mwanabenki James William Gilbart, katika kitabu chake kuhusu shughuli za benki cha miaka ya 1820, alikiri kwamba waandishi wengi walikuwa wakiandika “check”, akaeleza kwamba yeye alichagua umbo lile jingine kwa sababu haliwezi kuchanganywa na maana nyingine na kwa kuwa linafanana na “Exchequer”. Waingereza walimfuata, Wamarekani walibaki na umbo la awali.

Nuru ya Kale anajibu:

Ndugu zangu, nimesoma kwa makini, na ninaomba tusiipuuze hoja ya “sakk” kwa wepesi. Neno hilo limo katika maandishi ya Kiarabu karne nyingi kabla ya benki yoyote ya London. Mwanajiografia Ibn Hawqal, aliyesafiri katika karne ya 10, ameandika kwamba huko Awdaghust, mji wa biashara kusini mwa Sahara, aliiona “sakk” ya dinari 42,000 ambazo mtu mmoja wa mji huo alidaiwa na mfanyabiashara wa Sijilmasa, kaskazini mwa jangwa. Tuitafakari hati hiyo: deni kubwa kiasi hicho linathibitishwa kwa karatasi, kati ya miji miwili inayotenganishwa na safari ya wiki nyingi za ngamia.

Wafanyabiashara wa Italia walishirikiana na Waarabu kwa karne nyingi, na Ulaya ilipokea kutoka huko maneno mengi ya biashara. “Tariff” ni la Kiarabu, na “magazine”, ambalo mwanzoni lilikuwa na maana ya ghala, ni la Kiarabu pia. Ikiwa hayo yalivuka bahari, kwa nini “sakk” isivuke, ilhali kitu chenyewe kilikuwapo na kilitumika kwa kazi inayofanana na ya hundi? Nadhani ni haki kuwapa wale walioitumia hati hiyo mapema sehemu yao katika historia.

Mfasiri Mkongwe anajibu:

Ndugu Nuru ya Kale, habari ya Ibn Hawqal ni ya thamani kubwa na inastahili kutajwa kila panapozungumzwa historia ya malipo ya maandishi. Hata hivyo tuna maswali mawili yanayopaswa kutenganishwa: kitu kilitoka wapi, na jina lake lilitoka wapi. Kitu kinaweza kusafiri bila jina lake.

Kuhusu jina, kinachoamua ni mfuatano wa ushahidi. Kama “sakk” ingekuwa mzazi wa neno la Kiingereza, tungetarajia kuziona nyayo zake katikati: katika Kilatini cha wafanyabiashara, katika Kiitaliano cha Genoa na Venice, katika Kifaransa, kama tunavyoziona nyayo za “tariff”, ambalo lilipitia Kiitaliano. Hali ni kinyume. Waitaliano wana neno lao wenyewe la “assegno”, na Wafaransa wanaposema “chèque” na Wajerumani “Scheck” wanatumia maneno waliyoyapokea kutoka kwa Waingereza katika karne ya 19. Mkondo ulitoka London kwenda bara la Ulaya. Kiarabu cha kisasa chenyewe, pamoja na kuwa na “sakk”, kina pia “shiik”, ambalo ni mkopo kutoka lugha za Ulaya.

Ushahidi wa pili una uzito zaidi machoni pangu. Hundi zilikuwapo Uingereza kabla hazijaitwa hivyo. Ipo hati iliyoandikwa kwa mkono London mwaka 1659, ikiwaagiza watunza fedha kulipa pauni 400, na kwa kazi yake ni hundi kamili. Lakini hati za aina hiyo hazikuitwa “check” katika karne hiyo. Jina lilikuja baada ya kuanza kutumika vishina na karatasi maalumu za kuzuia ughushi. Benki Kuu ya Uingereza ilianza kutoa fomu zilizochapishwa mwaka 1717. Kama jina lingekuwa limeletwa na kitu kutoka Mashariki, vingefika pamoja. Badala yake kitu kilikaa miongo kadhaa bila jina hilo, kisha kikalipata pale ulipoongezwa ulinzi dhidi ya udanganyifu, yaani pale hasa ambapo maana ya kuzuia na kulinganisha ilikuwa inahitajika.

Niongeze kwamba wataalamu wengi wanaona hata “sakk” yenyewe ni neno ambalo Kiarabu kililichukua kutoka Kiajemi, ambako lilikuwa na umbo la “chak”. Kwa hiyo mtu anayetaka kuwapa Waajemi heshima yao katika jambo hili anayo njia iliyothibitishwa, nayo ni njia ya mfalme wa ubaoni.

Kete Nyeupe anajibu:

Mimi ni mcheza sataranji wa siku nyingi, na ninataka kuongeza juu ya “checkmate”, mwito wa kumaliza mchezo, kwa kuwa swali la polisemia na homonimia linaonekana vizuri sana hapo.

Neno hilo limetokana na “shah mat”. Msomaji wa Kiswahili akiliona hukimbilia kwenye mauti na maiti, ambayo kweli yametokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufa, akahitimisha kwamba maana yake ni “mfalme amekufa”. Waarabu wengi walilielewa hivyo, na maelezo hayo yamo katika vitabu vingi. Lakini katika Kiajemi lipo neno “mat” lenye maana ya kupigwa na butwaa, kukosa la kufanya, na hadi leo Mwajemi hulitumia kwa mtu aliyeduwaa. Mimi ninaegemea upande huo, na sababu yangu ni mchezo wenyewe: mfalme hauawi kamwe. Kete nyingine zote huondolewa ubaoni, lakini mfalme hubaki mahali pake, ametishiwa na hana pa kwenda, na mchezo unaishia hapohapo. Kusema kwamba ameduwaa kunaieleza hali hiyo barabara.

Sasa, kipande hicho cha “mate” katika Kiingereza kimefanana kabisa na “mate” lenye maana ya mwenzi au rafiki, ambalo ni neno la asili ya Kijerumani linalohusiana na watu wanaoshiriki chakula. Hayo mawili hayana undugu wowote. Vivyo hivyo “rook”, kete ya ngome, ni “rukh” ya Kiajemi, ilhali “rook” aina ya kunguru ni neno la Kiingereza tangu kale. Hiyo ndiyo homonimia halisi: hata ukirudi nyuma kiasi gani, hutapata mahali ambapo maana hizo zinakutana. Kwa “check” unapapata kila mara.

Mpenda Lugha anaandika:

Ninawashukuru sana. Sasa ninaweza kuieleza kila maana niliyoitaja isipokuwa moja: ankara ya mkahawa. Imetokana na hundi kwa sababu ni jambo la malipo? Na je, mzigo unaokabidhiwa kabla ya safari, ambao nao hutajwa kwa kitenzi hikihiki, unaingia wapi? Aidha, mwenzangu mmoja ameuliza kama jina la taifa la Wacheki lina uhusiano wowote na neno hili.

Daftari anajibu:

La taifa la Wacheki halimo kabisa. Ni jina la Kislavoni ambalo watu hao hujiita wenyewe, na tahajia yake ya Kiingereza ilipitia Kipolandi.

Ankara haikutokana na hundi. Zote mbili ni ndugu waliozaliwa na kishina. Katika Marekani ya karne ya 19 “check” lilikuwa jina la kawaida la kipande cha chuma au karatasi chenye namba, ambacho mtu alipewa kama uthibitisho wa kitu alichokikabidhi au anachodaiwa. Msafiri wa treni aliyekabidhi sanduku alipewa kipande kimoja, na kingine chenye namba hiyohiyo kikafungwa kwenye sanduku. Mwisho wa safari vililinganishwa, naye akapewa mzigo wake. Kutoka hapo kitenzi kikapata maana ya kukabidhi mzigo, na vyumba vya kuhifadhia makoti katika majumba ya maonyesho vikapata jina lao. Katika mikahawa mhudumu aliandika alichoagiza mteja kwenye karatasi ambayo mteja aliipeleka kwa mtunza fedha, ili fedha zilizopokewa zilinganishwe na chakula kilichotoka jikoni. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumlinda mwenye mkahawa dhidi ya upotevu. Kumwarifu mteja kiasi cha kulipa kulikuja kama faida ya ziada.

Kundi hilohilo lina “rain check”, usemi ambao wafasiri wengi huukosea. Katika miaka ya 1880 watazamaji wa besiboli huko Marekani, mvua ilipovunja mchezo, waliruhusiwa kurudi siku nyingine kwa kuonyesha kipande cha tiketi kilichobaki mikononi mwao. Leo mtu anayesema kwamba anachukua “rain check” anaukataa mwaliko wa sasa kwa heshima huku akiomba uahirishwe, na hakuna hundi wala ukaguzi ndani yake. Ukikutana nao katika hati, ndugu Mpenda Lugha, andika tu kwamba mtu huyo ameomba nafasi nyingine. Na ukikutana na “check” katika mchezo wa karata wa poka, ambako mchezaji hulitamka anapoamua kutoongeza dau, utakuwa umerudi kwenye ile maana ya karne ya 14 ya kusimama.